Siti binti Saad: Mwimbaji au Mtungaji?

Katika orodha za washairi wa Kiswahili zilizokwisha kutolewa na wataalamu, jina la Siti binti Saad ama halionekani kabisa, ama huonekana pembeni, mahali pa waimbaji. Muyaka bin Haji yumo, Mwana Kupona binti Mshamu yumo, Shaaban Robert yumo. Siti huhesabiwa kuwa ni sauti nzuri iliyotia mahadhi maneno ya watu wengine. Hukumu hiyo imekaa muda mrefu bila kupimwa. Kusudi la makala haya ni kuipima, si kwa kutazama sifa za Siti alipokwisha kuwa mashuhuri, bali kwa kutazama ile miaka kumi na saba, toka 1911 hata 1928, alipokuwa bado akijifunza kazi: alichukua nini, alichukua wapi, na nyimbo zake zilipatikana kwa njia gani.

Maisha yake yajulikana kwa muhtasari. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina hilo halikuhitaji maelezo kwa watu wa zamani zile, maana baba yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua walikuwa watu wa hali ya utumwa, na utumwa haukufutwa kwa sheria Unguja mpaka 1897. Kazi aliyoikuta kwao ilikuwa ufinyanzi. Akafinyanga vyungu, akavichukua kichwani, akaviuza mjini, na mwaka 1911 akahamia huko huko mjini. Ndio mwaka Seyyid Khalifa bin Harub aliposhika ufalme. Na miaka si mingi baadaye mfalme huyo alikuwa akikaa kumsikiliza mwuza vyungu huyo. Siti, jina la heshima litokalo katika Kiarabu, lenye maana ya bibi, alilipata mjini.

Mengi katika hayo yamehifadhiwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mwaka 1958 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki pamoja na jarida lake. Pasipo Wasifu huo habari za Siti zingalikuwa uvumi mtupu. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba kitabu kile ni cha maadili kama kilivyo cha maisha. Mwandishi alitaka kuonyesha jinsi mtu wa chini awezavyo kupanda kwa subira, bidii na heshima, na kwa kusudi hilo alimpata mtu hasa. Msomaji akifunga kitabu anajua Siti alikuwa mwenye tabia gani. Hajui sana alikuwa mtungaji wa namna gani. Ni ajabu kidogo kwamba mshairi mkuu wa zama zake, alipokutana na mtu wa kazi moja naye, alimwandika kama mfano wa mwenendo mwema na si kama mwenzake wa ufundi. Pengine hakumwona kuwa mwenzake. Siti hakujua kuandika, na Shaaban Robert alikuwa mtu wa kalamu. Na hapo, bila mtu yeyote kukusudia, mstari ulipigwa kati ya mwimbaji na mtungaji ambao haujafutika hata leo.

Shule ya kwanza ya Siti ilikuwa njia itokayo Fumba kwenda mjini. Habari ya kunadi vyungu kwa sauti imesimuliwa na wengi, na wengine wameitia sukari mno, hata ingedhaniwa kuwa taarabu ilizaliwa ndani ya chungu. Lililo la maana katika habari hiyo ni dogo, lakini si la kudharauliwa. Mnadi hupata nafasi ya maneno machache tu kabla mnunuzi hajapita. Humpasa ataje kitu, akisifu, kisha arudie kwa namna ile ile mpaka sikio lizoee. Mwisho wa neno ndio unaovutwa, maana ndio unaofika mbali. Mtu aliyeishi kwa kazi hiyo miaka mingi hujua, bila kufundishwa, ni maneno gani yabebwayo na sauti na ni yapi yapoteayo hewani. Juu ya hayo kulikuwa na ngoma za wanawake, za harusi na za mashindano, ambazo mmoja hutoa na wengine huitikia. Na katika ngoma hizo neno la fumbo lilikuwa silaha ya kila siku. Hakuna mwanamke wa shamba la Unguja aliyekua nje ya shule hiyo.

Shule ya pili haikutajwa vya kutosha. Siti hakutiwa chuoni utotoni. Alipofika mjini alifunzwa kusoma Kurani kwa kusikiliza na kufuatisha, na pamoja na hayo akafunzwa kuimba Kiarabu. Wasifiaji wake husema kwamba kwa njia hiyo alipata dini na adabu. Hapana ubishi. Lakini alipata pia kitu kingine ambacho mtu wa lugha hawezi kukipita: alipata tajwidi. Elimu ya tajwidi ni elimu ya matamshi iliyopangwa kabla ya vyuo vikuu vya Ulaya kuwa na elimu ya namna hiyo. Humfundisha mwanafunzi kila herufi hutoka mahali gani pa kinywa au koo, irabu ipi huvutwa na kwa kadiri gani, wapi sauti hupitishwa puani, wapi pumzi hukatwa na wapi haikatwi. Mtu aliyeyashika hayo kwa sikio, hata kama hajui kuandika jina lake, anajua silabi ni nini kuliko wengi waziandikao.

Faida yake katika wimbo wa Kiswahili yaweza kuonyeshwa. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili toka mwisho. Katika mstari wa mizani kumi na sita, uliogawanyika vipande viwili vya mizani nane, mkazo wa asili huangukia mizani ya saba, na kina hukaa katika ya nane, isiyo na mkazo. Sasa mahadhi yaliyotoka Misri hupenda kutua na kurefuka mwishoni mwa kipande. Mwimbaji huvutwa pande mbili: lugha inamwambia kaza ya saba, mahadhi yanamwambia vuta ya nane. Akifuata mahadhi tu, neno huvunjika na msikilizaji hubaki na sauti bila maana. Akifuata lugha tu, kina hufifia na wimbo huwa kama maneno ya kusemwa. Ufundi uko katika kuukaza mkazo kwanza, ukamilike, ndipo kina kivutwe kwa kipimo kijulikanacho. Hiyo ndiyo kazi ya msomaji wa Kurani anapopambanua urefu wa asili na urefu wa kuongezwa. Kadhalika ile silabi ya m peke yake, kama ilivyo katika mtu, mji na mgeni, ambayo washairi huihesabu kuwa mizani kamili, huwa tabu kwa mwimbaji kwa sababu haina irabu ya kushika sauti. Aliyezoea kushikilia sauti puani kwa hesabu, kama tajwidi itakavyo, haoni tabu hapo. Wazee waliomsikia Siti walisifu zaidi ya yote kwamba kila neno lake lilisikika. Sifa hiyo si ya koo tu. Ni ya mtu aliyefanya uamuzi juu ya kila silabi, na uamuzi juu ya silabi ndio utungaji wenyewe.

Shule ya tatu ni taarabu. Masimulizi yashikwayo ni kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, aliwaleta wapigaji kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim mjini Kairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mjini, wakakutana humo vijana wa waungwana kupiga na kuimba, na lugha ya kuimbia ilikuwa Kiarabu. Mmoja wa watu wa muziki huo, husemwa, ndiye aliyeisikia sauti ya Siti na kuifundisha. Kwake Siti alipata mahadhi, vyombo, na utaratibu wa mwimbaji kumngoja mpigaji na mpigaji kumngoja mwimbaji. Alipata pia kujua kuwa wengi waliotikisa vichwa kwa kupendezwa hawakujua kilichoimbwa ni nini.

Hapo pana jambo ambalo hutiwa chumvi mara nyingi. Husemwa kwamba Siti ndiye wa kwanza kuimba Kiswahili kwa vyombo. Ikichukuliwa kwa upana, kauli hiyo haiwezi kusimama: Lamu na Mombasa mashairi yalikwisha kuimbwa kwa kinanda kabla yake, na mmoja wa wapigaji wake mwenyewe, Mbaruku Talsam, alitoka Mombasa, mji wa Muyaka. Alilolifanya Siti ni jingine, na pengine ni kubwa zaidi. Aliyachukua mahadhi ya nyumba za wakubwa wa Unguja na kuyatia lugha ya Ng'ambo. Ng'ambo, ng'ambo ya hori kutoka mji wa mawe, ndiko walikokaa Wanyamwezi, Wazigua, Wamanyema, Wayao na watu wa makabila mengi mengine, wengi wao waliotoka utumwani au watoto wa waliotoka. Hawakuwa na lugha moja ya mababu. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili cha sokoni, mahakamani na uani. Mtu aliyeimba kwa lugha hiyo, kwa vyombo vya mfalme, alikuwa amewaambia watu hao neno kabla hata hajafungua kinywa.

Ni namna gani basi nyimbo zilitungwa? Laura Fair, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 juu ya maisha ya mji wa Unguja baada ya utumwa, amekusanya ushahidi wa wazee ulioondoa giza nyingi. Nyumba ya Siti ilikuwa baraza. Jioni wenzake, Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, walikutana hapo wakapiga na kuimba, na majirani wakaja na habari za mchana: nani kafungwa, nani kaachwa, hakimu kasema nini, tajiri gani kamdhulumu nani. Habari moja ilishikwa, ikageuzwa na kugeuzwa, mmoja akatoa mstari, mwingine akausahihisha, ukapimwa katika mahadhi, ukakataliwa au ukakaa. Ubeti uliokaa uliimbwa usiku huo huo mbele ya watu walioijua habari yenyewe, nao walikuwa wakosoaji wasio na huruma, maana mstari usio kweli waliutambua mara moja.

Hapa ndipo mwenye kushikilia kwamba Siti ni mwimbaji tu hupata hoja yake ya nguvu. Ikiwa wimbo umetungwa na watu watano na majirani, kwa haki gani uitwe wa mmoja? Maalim Shaaban alikuwa mtu wa chuo mwenye kuijua kazi ya beti, na bila shaka nyimbo nyingine ni zake zaidi kuliko za mtu yeyote. Jina la Siti lililochapwa juu ya santuri si ushahidi wa utunzi: lilichapwa kwa sababu ndilo lililouza. Hoja hiyo lazima ikubaliwe kwa kadiri yake. Mtu akitaka kutenga mistari ya Siti na ya Mbaruku kama mchele na mchanga, hataweza, na asijaribu.

Lakini hoja hiyo ikikubaliwa kwa Siti, haina budi kukubaliwa kwa wengine pia, na hapo huzaa matokeo ambayo wenye kuitoa hawakuyataka. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hayakufika kwetu kwa mkono wake. Yalikaa katika vinywa vya watu wa Mombasa kwa miaka mingi, mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya na W. E. Taylor akayahifadhi, na Hichens akayachapisha mwaka 1940. Nani awezaye kuapa kwamba katika safari hiyo hakuna mstari uliolainishwa na kinywa cha mwimbaji fulani asiyejulikana? Hata hivyo hakuna asemaye kwamba Muyaka hakuwa mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi naye, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, kitabu ambacho wanamapokeo wote hukishika kama msahafu, amelifanya shairi na wimbo kuwa kitu kimoja, na shairi lisiloimbika hana haja nalo. Kwa kipimo hicho, yaani kipimo cha washairi wenyewe na si cha wageni, anayejua ni mstari gani uimbikao ndiye ajuaye shairi. Katika baraza ya Ng'ambo mtu huyo alikuwa Siti. Mstari aliotoa Maalim Shaaban haukuwa wimbo mpaka upite kwake. Na usiopita ulikufa.

Ufundi huo waonekana vema katika wimbo aliowajibu waliomdhihaki. Washindani wake walimtungia maneno wakisema kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, kwamba si mzuri wa sura wala hana nasaba, na kwamba asingalikuwa na sauti asingalikuwa na cha kula. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Kila aliyesikia alielewa. Katika desturi ya malumbano ya kale, jibu la tusi ni tusi kubwa zaidi, au fumbo linalomrudia mwenyewe kama jiwe. Siti hakufanya hivyo. Hakukana hata shtaka moja, kwa sababu yote yalikuwa kweli. Alilolifanya ni kuvihesabu vitu wanavyojivunia watu wa mji, uzuri, sura, uungwana, na kila kimoja akakitupa kwa neno lile lile la kukanusha, mpaka mwisho akabakisha kitu kimoja tu ambacho kukikosa ni aibu, nacho ni akili.

Yafaa kutazama jinsi wimbo huo ulivyojengwa. Kukanusha kunakorudiwa ni mnadi aliyegeuzwa kichwa chini: badala ya kusifu bidhaa moja mara nyingi, anazikataa bidhaa nyingi kwa sauti moja. Maneno yenyewe ni ya kawaida, hakuna hata moja ambalo mtoto wa Ng'ambo angeuliza maana yake. Hakuna fumbo. Wakosoaji waliozoea kupima shairi kwa kina cha mafumbo huliona jambo hilo kuwa upungufu. Ni kinyume. Fumbo ni kimbilio la mtu mwenye kitu cha kuficha, na katika mji ule, ambapo karibu kila mtu alikuwa akificha kitu katika nasaba yake, mwanamke aliyesimama bila fumbo aliwavua nguo wote. Jambo lililokuwa hatarini si jina la mwimbaji mmoja. Mji wa Unguja wakati huo ulimhesabu mtu kwa babu zake, na serikali ya kikoloni iliwahesabu watu hivyo hivyo katika daftari zake. Binti wa watumwa alisema mbele za watu kwamba hesabu hiyo ni ya bure, naye akaombwa aurudie.

Wimbo wa Kijiti umekwenda njia nyingine. Habari yake ni ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, akauawa. Aliyetuhumiwa akakimbilia bara. Na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioona kifungo. Katika mapokeo, jambo kama hilo lingaliingizwa katika mfano wa mnyama au wa chombo baharini, na mwenye kujua angejua. Hapa jina linatajwa toka mstari wa kwanza, na wasikilizaji wanaitwa watazame, kana kwamba maiti iko mbele yao. Mwito huo ni wa wingi. Hauelekezwi kwa hakimu wala kwa mwuaji, ila kwa mtaa. Mahakama ilikwisha kukata shauri lake. Wimbo unalifungua tena mbele ya mahakama nyingine, ile ya barazani. Ukali wake watoka katika utulivu wa mwendo, kwa maana mistari inasimulia tu, kipande kwa kipande, na hasira yote imeachiwa msikilizaji. Mtungaji mdogo angelia.

Wako wasemao kwamba vifupisho vilivyojaa katika nyimbo hizi, kama vile alo- mahali pa aliye-, ni ile inkisari ya washairi, ruhusa ya kukata silabi ili mizani itimie. Yawezekana. Ila kwa Siti inkisari nyingi ni usemi wa mtaani ulivyo. Mshairi wa kalamu huikata lugha ili iingie katika kipimo. Siti alichagua katika lugha iliyokwisha kukatwa na wasemaji wake. Ndiyo sababu mistari yake haina ile harufu ya kamusi ambayo huwapata hata washairi wazuri.

Haifai, hata hivyo, kumsifu kwa yote. Zile nyimbo za mapenzi zenye maua, manukato na moyo uwakao moto zimefuata sana vielelezo vya Kiarabu, na mtu akiziondolea mahadhi hubaki na kidogo mkononi. Katika hizo Siti ni mwimbaji na si zaidi. Nyimbo kama Muhogo wa Jang'ombe, zilizoshikamana na mtaa na methali za wanawake, ni jambo jingine kabisa: humo fumbo limerudi, lakini ni fumbo la jikoni na la uzazi, ambalo wanaume wa Ikhwani Safaa wasingaliweza kulitunga hata wakikesha.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hata Bombay kuimba katika santuri za His Master's Voice. Safari hiyo ndiyo iliyofunga miaka ya kujifunza, na ilibadili utungaji kwa namna ambayo haikutegemewa. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo uliozoea kuendelea kwa kadiri watu walivyotaka, ubeti ukiongezwa kwa mtu aliyeingia mlangoni na mwingine kwa aliyetoa tuzo, ulipaswa sasa kuanza na kwisha kwa saa. Ilibidi beti zichaguliwe. Wimbo ukawa na umbo moja, la kushikwa na kurudiwa na watu wasiomjua Siti wala Ng'ambo, katika majumba ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Mtungaji asiyejua kuandika alikuwa amepata maandishi ya namna yake.

Mwaka huo huo 1928 wakuu wa elimu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa wakakata shauri kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na toka mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake ya kamusi na vitabu vya shule. Kamati ambayo hatimaye, mwaka 1964, ilizaa taasisi ya utafiti wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Historia ya kuenea kwa Kiunguja huandikwa kama historia ya Kamati hiyo. Lakini kitabu cha shule kilimfikia aliyekwenda shule, na wakati huo walikuwa wachache. Santuri ilimfikia kila aliyekaa karibu na duka lenye gramafoni. Mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja; Siti aliwafanya watu wakipende, na alichowapa si kile Kiunguja kilichopigwa pasi na kamati, bali kilichotoka moja kwa moja Ng'ambo pamoja na alo- zake. Mtafiti atakayetaka kujua ni kwa njia gani maneno na maumbo fulani ya Unguja yalifika bara kabla ya mwalimu, afanye kazi ya kuzisikiliza santuri zile silabi kwa silabi. Kazi hiyo ni ya haraka kuliko nyingine nyingi, kwa sababu santuri huchakaa.

Siti alifariki mwaka 1950. Aliyezichukua nyimbo zake akazifikisha karne hii ni Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013. Naye hakuzipata kwa karatasi. Alizipata kwa kumsikiliza Siti, kisha akaziimba atakavyo: ubeti wa wimbo mmoja aliuingiza katika mwingine, mstari akaukata, mahali pengine akatia neno lake mwenyewe. Wanaozichapisha nyimbo hizo leo hulalamika kwamba hawajui maneno sahihi ni yapi, ya santuri au ya Bi Kidude. Katika baraza ya Ng'ambo swali hilo lisingaliulizwa. Lingaliulizwa jingine: je, mstari umekaa?